Chumvi ya Uvinza, unga na ndimu: sayansi iliyomo kwenye plastisini ya kupika nyumbani

Dada yangu anafundisha darasa la awali hapa Tabora. Siku moja alinipigia simu: "Wewe si ndo mwanasayansi wa nyumbani? Njoo unitengenezee plastisini, za dukani zimenishinda bei." Nikajua ni kazi ya nusu saa: unga, chumvi, maji, basi. Nikachukua kanuni moja kutoka intaneti, nikapika, nikampelekea.

Kesho yake akanipigia tena. Donge lilikuwa na chengachenga kama mchanga. Watoto wenye mikwaruzo vidoleni walilia kwamba linachoma. Na mtoto mmoja alikuwa amemega kipande akala. Hakupata shida yoyote, alikunywa maji mengi tu. Lakini dada alikuwa na mpango mwingine: siku ya kufunga shule, kila mtoto apewe donge lake la kwenda nalo nyumbani. Akaniuliza swali ambalo ilibidi nilifikirie toka mwanzo: "Wakila, kuna shida?"

Jioni ile nilikaa na mizani ya jikoni, kalamu na karatasi. Makala hii ndiyo majibu yake. Utajua kila kiungo kinafanya kazi gani, kipimo gani kinafaa, na kwa nini mpango ule wa dada tuliufuta.

Viungo vyote vilikutana Tabora zamani

Kabla ya kuingia jikoni, angalia ramani kidogo. Njia ya zamani ya misafara ilianzia Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, halafu ikaendelea magharibi kupitia Uvinza hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Tunapoizungumzia njia hii tunakumbuka pembe za ndovu na watumwa, na ni haki kukumbuka. Lakini pia ilipita mizigo midogo ya kila siku, na mmojawapo ni chumvi.

Pale Uvinza, karibu na mahali Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Watu waliyachemsha maji hayo kwenye vyungu wakati wa kiangazi mpaka ikabaki chumvi nyeupe. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba pale mwaka 1967 na kukuta ushahidi kwamba kazi hiyo imefanyika kwa zaidi ya miaka elfu moja. Burton na Speke walipopita mwaka 1858 kuelekea ziwani, biashara ya chumvi ya Uvinza ilikuwa kubwa na ya siku nyingi. Chumvi hiyo ilifika mpaka Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora.

Stanley naye, alipokaa Tabora mwaka 1871, aliandika kwamba Waarabu walilima ngano kuzunguka matembe yao kwa matumizi yao wenyewe, na walipanda miti ya malimau, machungwa na maembe. Ujiji nako kulikuwa na mawese. Kwa hiyo unga wa ngano, chumvi, limau na mafuta, yaani viungo vyote vinne vya plastisini ya nyumbani, vilikuwa vinapatikana kwenye njia hii miaka 150 iliyopita. Hakuna aliyevichanganya kwa kazi ya kuchezea, na wala hapakuwa na haja. Watoto walikuwa na udongo.

Plastisini ya kiwandani ilianza baadaye. William Harbutt, mwalimu wa sanaa wa mji wa Bath, Uingereza, aliibuni Plasticine mwaka 1897. Ile haina maji, ndiyo maana haikauki. Play-Doh ya Marekani, ambayo ni ndugu hasa wa donge letu la unga, ilianza kuuzwa kama kitu cha kuchezea mwaka 1956. Kabla ya hapo lilikuwa donge la kusafishia karatasi za ukutani zilizochafuliwa na masizi ya makaa ya mawe. Watu walipoacha kutumia makaa, biashara ikadorora, ndipo mwalimu mmoja wa chekechea alipogundua kwamba watoto wanalipenda.

Unga: kwa nini ngano na si sembe?

Chukua unga wa ngano kidogo, ukande na maji, halafu vuta. Unanyumbuka. Fanya hivyo hivyo kwa sembe au unga wa muhogo. Unakatika, unamong'onyoka. Tofauti iko kwenye protini. Ngano ina protini mbili, glutenini na gliadini, ambazo zikipata maji na kukandwa hushikana na kutengeneza wavu unaoitwa gluteni. Mahindi na muhogo havina wavu huo.

Unaweza kuuona kwa macho. Kanda donge la unga wa ngano na maji, bila chumvi, liache dakika 20, kisha lioshe polepole ndani ya bakuli la maji. Maji yanageuka meupe: huo ni wanga unaotoka. Mkononi kinabaki kitu cha kijivu kinachovutika kama ubani uliotafunwa. Hiyo ndiyo gluteni.

Sasa hapa pana jambo. Kwenye chapati tunaitaka gluteni, lakini kwenye donge la kufinyangia, ikizidi ni kero. Mtoto anafinyanga sikio la tembo, anaachia, sikio linarudi lilikotoka. Tunataka kitu kinachoshikamana lakini kikikunjwa kikubali kukunjwa. Tunakipataje? Kwa chumvi na kwa moto.

Chumvi ikiwa nyingi hushindania maji na protini. Ayoni za sodiamu na kloraidi huzungukwa na molekuli za maji, na gluteni inabaki na maji machache ya kujijenga. Wavu unakuwa dhaifu. Moto nao huiva protini na, muhimu zaidi, huiva wanga.

Moto: hii ni hesabu ya ugali

Kama umewahi kusonga ugali, tayari unaijua fizikia ya sehemu hii. Punje za wanga zikiwa kwenye maji baridi hazifanyi chochote, zinazama tu chini. Maji yakipata joto la nyuzi 60 na kitu hivi, punje hufyonza maji, huvimba, na baadhi ya minyororo yake hutoka nje na kunata. Uji unakuwa mzito ghafla. Ukiendelea kusonga na maji yakaendelea kupungua, donge linaachana na sufuria. Ndiyo dalili ile ile ya ugali kuiva, na ndiyo dalili ya plastisini kuiva.

Tofauti ni kwamba chumvi nyingi hufanya wanga uchelewe kuiva, kwa sababu maji yameshikiliwa. Ndiyo maana donge hili litakuchosha mkono kuliko ugali wa kiasi hicho hicho. Usikate tamaa katikati.

Na je, kwa nini kiporo cha ugali asubuhi kinakuwa kigumu? Minyororo ya wanga iliyoachana wakati wa moto hurudi kujipanga taratibu baada ya kupoa, na maji yanasukumwa nje. Donge la plastisini nalo lingekakamaa vivyo hivyo. Tunazuia kwa vitu viwili. Mafuta hujipenyeza kati ya minyororo na kupunguza kunata na kukauka. Ndimu, kwa sababu ni tindikali, hukata baadhi ya minyororo mirefu na kulainisha donge. Kanuni za Ulaya na Marekani hutumia unga mweupe wa tindikali unaopatikana kwenye utengenezaji wa mvinyo. Sisi ndimu zipo, tuzitumie.

Chumvi: hapa ndipo nilipokosea

Kanuni niliyoichukua ilisema: vikombe viwili vya unga, kikombe kizima cha chumvi, vikombe viwili vya maji. Nilifuata bila kuhesabu. Tuhesabu sasa.

Kikombe cha mililita 250 cha chumvi laini kina gramu 300 hivi. Vikombe viwili vya maji ni mililita 500. Sasa, kila mililita 100 za maji zinaweza kuyeyusha chumvi gramu 36 tu. Cha ajabu ni kwamba kuchemsha hakusaidii sana: sukari huyeyuka zaidi sana kwenye maji ya moto, lakini chumvi hata maji yakichemka hufika gramu 39 tu. Kwa hiyo mililita 500 zinayeyusha gramu 180. Mimi nilitia 300. Gramu 120 zilizobaki hazikuwa na pa kwenda. Zilibaki punje ngumu ndani ya donge. Ndizo zile chengachenga, na ndizo zilizowachoma watoto kwenye mikwaruzo.

Ukitia nusu kikombe, yaani gramu 150, zote zinayeyuka. Na kwa kuwa maji kidogo yanapotea kama mvuke wakati wa kusonga, tuseme yanabaki mililita 430, unapata gramu 35 kwa kila mililita 100. Umefika karibu na kikomo bila kukivuka. Chumvi nusu, gharama nusu, donge laini.

Lakini je, nusu inatosha kuzuia lisioze? Swali hili linahitaji tuelewe chumvi inazuiaje. Haiui vijidudu kama sumu, inawanyima maji. Wanasayansi hupima kiasi cha maji yaliyo huru kwa namba kati ya 0 na 1. Maji safi ni 1. Mkate ni kama 0.95, ndiyo maana unaota ukungu haraka. Bakteria wengi wanahitaji zaidi ya 0.9, na ukungu wa kawaida unahitaji kama 0.8. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa ni 0.75. Asali ya miombo, hii inayoipa Tabora sifa, ipo karibu na 0.6, na wewe mwenyewe unajua asali haiozi.

Donge letu la nusu kikombe linakaa kati ya 0.75 na 0.8. Bakteria hawana nafasi, na ukungu unapata taabu kubwa. Ndani ya kopo lenye mfuniko litakaa wiki kadhaa. Ukiona madoa ya kijani au meusi, au harufu imebadilika, tupa. Usikwangue ukungu ukaendelea kutumia.

Hiyo 0.75 ina siri nyingine. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu kutoka hewani pale hewa inapofikia unyevunyevu wa asilimia 75. Chini ya hapo, donge hupoteza maji. Juu ya hapo, hupokea. Ndiyo maana kiangazi, Juni hadi Septemba, hewa ya Tabora ikiwa kavu, donge likiachwa wazi linakuwa jiwe. Masika yakija linatoa jasho na kunata mikononi. Si kwamba umekosea kupika. Kiangazi ongeza matone ya maji, masika ongeza kijiko cha unga. Na vinyago vilivyokaushwa vizuri juani mwezi wa Agosti, usishangae vikilegea mwezi wa Januari.

Namna ya kupika

Utahitaji: vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi laini, vikombe 2 vya maji, vijiko 2 vya mezani vya mafuta ya kula, na vijiko 3 vya mezani vya maji ya ndimu au limau. Kama una chumvi ya mawe, itwange kwanza au iyeyushe kwenye maji ya moto usiku mmoja kabla.

1. Yeyusha chumvi yote kwenye maji ya uvuguvugu. Pitisha kijiko chini ya sufuria, usisikie mkwaruzo.
2. Tia ndimu na mafuta, kisha unga kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka pasiwe na mabuje.
3. Bandika kwenye moto mdogo. Koroga bila kuacha. Mwanzoni ni uji, halafu mabonge, halafu donge moja.
4. Likiachana na sufuria na halinati tena kidoleni, epua. Ni dakika tano hadi kumi kutegemea moto wako.
5. Likipoa kiasi cha kushikika, likande dakika tano juu ya meza iliyopakwa mafuta.
6. Likipoa kabisa, lifungie kwenye kopo. Ukilifungia la moto, mvuke utageuka matone, na matone hayo ni maji huru. Umewakaribisha ukungu.

Kwa nini usikande tu unga mbichi bila kupika? Inawezekana, wengi hufanya. Lakini unga mbichi unaweza kubeba bakteria wa kuharisha, na mikono ya watoto haikai mbali na midomo. Moto unatatua hilo.

Rangi zinazobadilika

Kwa rangi ya njano tia manjano. Nyekundu, chemsha choya. Kijani, twanga mchicha ukamue. Ukitumia mawese badala ya mafuta mengine, utapata rangi ya chungwa bila kuongeza kitu.

Manjano yana mchezo mzuri. Umewahi kuona doa la mchuzi kwenye kanzu nyeupe linageuka jekundu likipakwa sabuni? Rangi ya manjano, kurkumini, ni ya njano kwenye tindikali na hugeuka nyekundu ya kahawia kwenye alkali. Mega kipande kidogo cha donge la manjano, wewe mkubwa, udondoshee maji yenye magadi. Kwanza povu kidogo, kwa sababu magadi yanapambana na ndimu iliyomo. Yakishinda, rangi inageuka. Kamulia ndimu juu yake, njano inarudi. Choya nayo hufanya hivyo hivyo: nyekundu kwenye ndimu, na kuelekea buluu na kijani kwenye magadi. Watoto watazame tu, wasikande kipande chenye magadi maana yanachubua ngozi.

Donge linalowasha taa

Kwa kuwa chumvi imeyeyuka kuwa ayoni, donge hili hupitisha umeme. Profesa AnnMarie Thomas na mwanafunzi wake Samuel Johnson, wa Chuo Kikuu cha St. Thomas kule Minnesota, Marekani, walilitumia jambo hili kufundisha watoto saketi za umeme kwa kutumia madonge.

Hapa kwetu unahitaji betri mbili za tochi zilizofuatana (volti 3), nyaya mbili na kitaa chekundu cha LED, hata kile cha tochi mbovu. Weka madonge mawili yasigusane. Waya wa chanya uingie donge moja, wa hasi jingine, na miguu ya taa ikanyage madonge yote mawili. Ikikataa kuwaka, geuza miguu. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Ikiwaka, sukuma madonge yagusane. Taa inazima. Kwa nini? Umeme umepata njia fupi, haupiti tena kwenye taa. Mtoto wa miaka sita ataielewa shoti kwa njia hii kuliko kwa mchoro wowote ubaoni. Betri za tochi tu, tafadhali. Umeme wa ukutani usisogelee donge hili hata kwa utani.

Sasa turudi kwenye swali la dada

Wakila, kuna shida? Twende na namba.

Nilipima donge lenye ukubwa wa ndimu: gramu 40 hivi. Kwenye lile donge la kwanza, la kikombe kizima cha chumvi, asilimia 29 ya uzito ilikuwa chumvi. Maana yake donge moja la ndimu lilikuwa na chumvi karibu gramu 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima.

Watoto wa darasa la awali wana miaka mitano, wana akili zao, donge la chumvi watalitema. Lakini donge likienda nyumbani linamkuta nani? Linamkuta mdogo wake wa miaka miwili, mwenye kilo 12. Gramu 12 kwa kilo 12 ni gramu moja kwa kila kilo. Kwa chumvi, hatari kubwa huanza kuhesabiwa kati ya nusu gramu na gramu moja kwa kila kilo ya uzito. Hata kwa kipimo changu kipya, donge la ukubwa huo lina karibu gramu 7, yaani zaidi kidogo ya nusu gramu kwa kila kilo ya yule mdogo. Ni nafuu, lakini si salama.

Chumvi nyingi kwenye damu huvuta maji kutoka ndani ya seli, zikiwemo za ubongo. Ni osmosisi ile ile inayowazuia bakteria kwenye donge. Dalili ni kiu kali, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, na degedege.

Kwa hiyo, akilamba au akimega chembe, mpe maji anywe na umwangalie. Akimeza kipande kikubwa, au ukiona dalili yoyote kati ya hizo, mpeleke kituo cha afya mara moja na useme alikula nini. Usimtapishe. Na hasa usimpe maji ya chumvi ili atapike. Njia hiyo ya zamani imewahi kuua, na hapa ungekuwa unamwongezea kile kile kilichomdhuru.

Mfikirie na mbwa wa nyumbani, na kuku. Sisi mabaki ya unga tunawarushia kuku bila kufikiri. Chumvi huua kuku haraka, hasa wasipokuwa na maji karibu. Donge lililokwisha kazi lifukie kwenye shimo la taka.

Tulipomaliza hesabu, dada alikaa kimya kidogo, akasema: "Basi hayatoki darasani." Sasa ana sheria zake. Madonge yanahesabiwa yakitolewa na yakirudishwa. Mwenye kidonda kidoleni anapewa udongo badala ya donge. Wote wananawa mikono baada ya kazi. Siku ya kufunga shule kila mtoto alienda nyumbani na mchoro.

Kama hakuna unga wa kuchezea

Kuna nyumba ambazo kikombe cha unga wa ngano ni chai ya asubuhi ya watoto wanne. Hapo sitakushauri uufanye wa kuchezea. Unga wenye wadudu ukichekechwa unafaa kwa kazi hii. Unga ulioota ukungu haufai kwa kazi yoyote, kwa sababu unaweza kuwa na sumukuvu; mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Chakula kilichokataliwa mezani kwa sababu ya ukungu kisipelekwe kwenye mikono ya watoto.

Udongo upo. Udongo wa kichuguu mchwa wameshauchagua, ni laini na unashikana vizuri. Udongo mweusi wa mbuga unafinyangika sana ukiwa na maji lakini hupasuka ukikauka, kwa sababu madini yake huvimba yakipata maji na kusinyaa yakiyapoteza. Uchanganye na mchanga laini, kama wafinyanzi wanavyochanganya vigae vilivyosagwa, mipasuko itapungua. Chimba mbali na vyoo na mahali mifugo inapolala, usitumie ule wa juu juu, uanike juani ukauke kabisa, uchekeche, ndipo utie maji. Hiyo ni kinga dhidi ya minyoo.

Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, donge la chumvi usimpe kabisa. Mpe tonge la ugali lililopoa, lenye manjano kidogo ukipenda. Ataliminya, atalitoboa kwa kidole gumba, atatengeneza kitu anachokijua mwenyewe, halafu atalila. Mwisho wa siku lililobaki mpe kuku. Hilo halina shida.